Si kila ufa ni wa kuziba

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa. Ila kwenye majengo ya kale yenye matao na makuba ya mawe, methali hiyo imewagawa wahandisi kwa karibu miaka 300. Wapo wanaouona ufa na kuagiza chuma na zege. Wapo wanaoutazama ufa huohuo na kusema: liacheni jengo, limesimama hivyo karne na karne.

Hawa wa pili wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mawe ya tao hayashikani kwa gundi. Chokaa iliyo kati yake ni dhaifu, na kazi yake hasa ni kusawazisha nyuso ili jiwe likae sawasawa juu ya jiwe. Kinacholiweka tao juu ni umbo na uzito wake lenyewe: kila jiwe, lililochongwa kama kabari, linataka kuanguka, na katika kuanguka linawabana majirani zake wasianguke. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke aliliweka jambo hilo kwa ufupi: mnyororo unavyoning'inia, ndivyo tao linavyosimama likiwa limepinduliwa. Mnyororo hujua kuvutwa tu. Ugeuze juu chini, upate njia ambayo kila kitu ndani yake kinabanwa tu, na kubanwa ndiko jiwe linakoweza.

Kwa hiyo swali la kwanza si jiwe ni gumu kiasi gani, bali njia hiyo ya msukumo inapita wapi. Ikibaki ndani ya unene wa mawe, tao linasimama. Tao la nusu duara linalobeba uzito wake tu linahitaji unene wa karibu asilimia 11 ya nusu kipenyo chake. Likiwa jembamba kuliko hapo litaanguka, hata mawe yawe magumu namna gani. Mwaka 1966 mhandisi Jacques Heyman wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizipa hoja hizi msingi wa kisasa wa kihesabu: ukiweza kuonyesha hata njia moja tu ya msukumo inayokaa ndani ya mawe, jengo lina njia yake ya kusimama.

Na ufa je? Egemeo za tao, yaani kuta au nguzo zinazolibeba pande zote mbili, zikiachana hata kidogo, tao linalazimika kunyooka kidogo. Linafunguka kwa chini pale kileleni, na kwa juu karibu na egemeo zote mbili. Ukiziona nyufa hizo tatu bila kuelezwa, utakimbia. Lakini kila ufa ni bawaba tu, na tao lenye bawaba tatu bado ni imara. Ili lianguke, zinahitajika angalau nne. Nyufa hizo zinaonyesha kwamba tao limejirekebisha kufuata egemeo zake zilivyosogea, wala si kwamba limeshindwa.

Mgogoro wenyewe ulionekana wazi Roma. Kuba la Basilika la Mtakatifu Petro lilipopasuka, wanahisabati watatu walifanya hesabu zao na kutaka pete za chuma ziongezwe kulizunguka. Mwaka 1743 mwanahisabati Giovanni Poleni wa Padova, Italia, aliombwa maoni. Aligawa kuba katika vipande 50, akaning'iniza uzi wenye vizito 32 vilivyolingana na uzito wa sehemu za kipande kimoja, na mkunjo wa uzi ule ukakaa ndani ya unene wa kuba. Nyufa, alisema, si hatari kwa zenyewe. Kisha akakubali pete ziwekwe! Hadi leo kila upande unamdai kuwa ni wake.

Mimi namwona alikuwa na busara, kwa sababu hoja ya umbo ina masharti ambayo watetezi wake huyasema kwa sauti ya chini: egemeo zisisogee zaidi, uzito ubaki pale ulipo, na ardhi itulie. Sharti la uzito ndilo linalosahaulika zaidi. Huko Pontypridd, Wales, William Edwards alijenga daraja la tao moja jembamba, na mabega yake, yaani sehemu za pande mbili kati ya kilele na egemeo, yalikuwa mazito mno kwa kilele chake. Yakabana kwa pande zote mbili na kukisukuma kilele juu hadi tao likavunjika. Jiwe halikuwa na kosa. Daraja lililofaulu, la mwaka 1756, lenye tao la karibu mita 43 kutoka egemeo moja hadi jingine, lina matundu matatu ya mviringo kwenye kila bega, yaliyowekwa ili kupunguza uzito tu. (Wachina walikuwa wamekwisha kuacha matundu mabegani katika daraja la Zhaozhou zaidi ya miaka 1,000 kabla, na bado lipo.)

Sharti la ardhi lilidhihirika Assisi, Italia. Tarehe 26 Septemba 1997, tetemeko liliangusha sehemu za dari la matao la Basilika la Mtakatifu Fransisko na kuua watu 4 waliokuwa ndani wakikagua madhara ya tetemeko la usiku uliotangulia. Juu ya mabega ya matao, nyuma yasikoonekana, kulikuwa kumerundikana vifusi kwa miaka mingi. Vikitulia havikuwa tatizo kubwa. Vilipotikiswa viliteremka na kuyasukuma matao kwa nguvu ambayo umbo lake halikuwahi kuitarajia.

Hapo anayesema "umbo linatosha" hana jibu. Ila anayekuja na zege lenye nondo naye asishangilie. Zege huongeza uzito na ugumu mahali ambapo jengo limezoea kujinyoosha kidogo, na chuma kikipata kutu hutanuka na kupasua jiwe. Parthenon, hekalu la kale la Athene, iliumizwa na vyuma vya ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20, ikabidi viondolewe na kuwekwa metali ya titani. Assisi walichagua njia ya kati ninayoiona bora: waliondoa vifusi kwanza, kisha wakaongeza mbavu nyepesi juu ya matao, zilizoshikwa na paa kwa vyuma vyenye springi ili dari liendelee kucheza.

Kabla ya yote hayo, ufa upimwe. Nyufa hufunguka na kujifunga kwa majira, joto na baridi, hata kwenye tao lililotulia kabisa. Ufuatiliaji usiopungua mwaka mzima ndio unaoanza kutofautisha ufa unaopumua na ufa unaokua. Anayepima miezi mitatu ya msimu mmoja anaweza kuuona unapanuka, akamwaga zege, na mwezi wa nne ungejifunga wenyewe.