Tuleteeni mnachokula nyinyi

Mara ya kwanza kuingia kwenye ule mgahawa wa Wachina mtaani kwetu Kisasa, nililetewa karatasi iliyotiwa laminesheni: chipsi, wali wa kukaanga, kuku wa kukaanga, tambi. Meza ya jirani walikaa mafundi wanne wa Kichina, buti zimejaa vumbi la saiti, wanakula vitu ambavyo kwenye karatasi yangu havikuwemo. Katikati yao bakuli jekundu linafuka mvuke. Nikamuuliza dada anayehudumia, kile ni nini?

"Kaka, kile hukiwezi. Kile ni chakula chao."

Neno hilo liliniuma, maana kosa ni letu pia. Ukimtajia mtu hapa Dodoma chakula cha Kichina, anawaza wali wenye njegere na kuku wa mchuzi mtamu, basi. Lakini mpishi wa pale katokea Sichuan, na Sichuan peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 83 mwaka 2020. Sisi Watanzania wote, sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7. Jimbo linalotuzidi nchi nzima litakosaje mapishi yake? Mgogo na mlenda wake, Mhaya na ndizi zake, nani kawahi kuwapikia chungu kimoja?

Jumamosi nikarudi na mama. Mama ni mtu wa Kongwa, kwake chakula ni ugali wa uwele. Nikamwambia yule dada: tuletee wanachokula wao. Mpishi akachungulia kutoka jikoni, akamtazama mama, akatabasamu, akarudi kwenye moto.

Ya kwanza ilikuwa kuku wa vipande vidogo, pilipili kavu nzima nzima na karanga. Wanaiita gongbao, kutokana na cheo cha heshima cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan aliyefariki mwaka 1886. Mama aliwaacha kuku. Aliokota karanga moja, akaitafuna taratibu, akasema, "Hizi za kwetu." Dada akacheka: kweli, wananunua soko la Majengo.

Ya pili, mapo tofu. Vipande vyeupe vya tofu, yaani jibini la soya, laini kama maziwa mgando, vimezama kwenye nyama ya kusaga na mafuta mekundu ya maharage yaliyochachushwa na pilipili. Juu yake unga wa kahawia unaonukia kama ganda la limau. Huo unaitwa huajiao. Si pilipili hoho wala pilipili manga. Ni maganda ya vitunda vya mti wa jamii ya milimau, na kazi yake ni kutia ganzi.

"Mbona ulimi umelala?" mama akashtuka. "Wameweka dawa ya jino?"

Nikamweleza kwamba Wachina wana neno lake, mala: *ma* ni ganzi, *la* ni ukali, na ganzi ndiyo inayokuwezesha kuuvumilia ukali. Akanyamaza. Akajaribu tena. Kijiko cha nne akaivuta sahani upande wake na kuagiza wali mwingine.

Kwa hiyo nasema wazi: naupenda mgahawa huu wa viti vya plastiki kuliko hoteli yenye vyakula mia moja visivyo na kwao. Ukienda, msiagize kila mtu sahani yake; wekeni katikati mle pamoja, kama tunavyokula sinia nyumbani. Na uliza nyama kabla. Mapo tofu ya asili ni ya ng'ombe, ila jikoni nyingi za Kichina hutumia nguruwe, na mteja ana haki ya kujua.

Kwa wenye migahawa ombi langu ni moja: ondoeni karatasi ya wenyeji. Andikeni vyakula vyenu vyote kwa Kiswahili, tuchague wenyewe.

Wiki iliyopita nimekuta chini ya ile karatasi pameongezwa kwa kalamu: "Kuku wa karanga, mkali." Tofu bado haijaandikwa. Nimemwomba dada aiandike.