Kompyuta ya jukwaani: tuzime kinga za prosesa au tuziache?

Januari 2018 zilipotangazwa kasoro za prosesa zinazoitwa Meltdown na Spectre, ulianza ubishi ambao mafundi sauti wanaopeleka kompyuta jukwaani hawajaumaliza. Wako wanaosema viraka vya programu vilivyoletwa kuziba kasoro hizo vinaikaba prosesa, kwa hiyo mashine ya muziki ivizime. Wako wanaosema kompyuta isiyo na kinga haifai kuunganishwa na chochote. Pande zote mbili zina hoja, ila zote huanza kwa kuuliza mashine inapoteza kasi kiasi gani, wakati kazi ya sauti ya moja kwa moja inadai jambo tofauti kabisa.

Chukua mpiga gitaa anayepitisha ala yake kwenye programu ya vionjo, yaani madoido ya sauti kama mwangwi, na kujisikiliza kupitia spika iliyo mbele ya miguu yake. Bafa, yaani akiba ndogo ambamo sauti husubiri kushughulikiwa, ikiwa ya sampuli 64, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, kompyuta ina milisekunde 1.33 tu za kushughulikia kila mkupuo wa sauti. Mikupuo hiyo ni 750 kwa sekunde. Ikiwahi 749 na mmoja ukachelewa, ukumbi mzima unasikia mkwaruzo. Bafa ikipandishwa hadi 256, kila mkupuo unapata milisekunde 5.33, lakini ukijumlisha bafa ya kuingilia na ya kutokea unavuka milisekunde 10, yaani kama vile mpigaji amesogezwa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yake. Wengine huzoea. Mwimbaji mwenye vipokea sauti masikioni hazoei kirahisi, maana sauti yake mwenyewe inamfikia mara mbili.

Kwa hiyo wastani wa kasi, ambao ndio hupimwa na kutangazwa, unatuambia machache. Tunachotaka kujua ni mashine inachelewa kiasi gani pale inapochelewa kuliko wakati wote.

Tukitazama viraka kwa jicho hilo, hofu inapungua. Prosesa za kisasa hukisia hatua zinazofuata na kuzitekeleza kabla hazijahitajika. Meltdown ilionyesha kwamba mabaki ya makisio hayo yanaweza kufichua siri za keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Tiba ikawa kutenganisha ramani ya kumbukumbu ya keneli na ile ya programu, na gharama yake hulipwa kila kazi inapovuka mpaka baina ya hizo mbili. Sasa, hesabu nzito za plagini, programu ndogo za vionjo zinazochomekwa ndani ya programu ya muziki, hufanyika ndani ya programu yenyewe bila kuuvuka mpaka huo kila mara. Seva ya hifadhidata inaumia kuliko kionjo cha mwangwi. Wanaozima kinga wana haki zaidi kwenye Downfall, kasoro ya Agosti 2023 iliyogusa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 11: Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya kazi zinaweza kupungua hadi asilimia 50. Plagini inayotegemea amri za kukusanya data kutoka sehemu nyingi za kumbukumbu kwa pamoja inaweza kulihisi hilo.

Hata hivyo, sauti inapokatika jukwaani, mara nyingi mhalifu si kiraka. Ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi iliyoshikilia prosesa kupita kiasi, prosesa iliyoshushwa kasi kwa joto la taa, au mpangilio wa kuokoa umeme unaoilaza na kuiamsha katikati ya wimbo. Kwenye Windows, programu ya LatencyMon humtaja mkosaji kwa jina la draiva yake. Kwenye Linux, uwezo wa muda halisi, yaani wa kuhakikisha kazi ya haraka haicheleweshwi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kiraka cha pembeni uliingia rasmi kwenye keneli 6.12 mwishoni mwa 2024, na huo ni msaada mkubwa kuliko kuandika mitigations=off, amri ya kuzima kinga zote. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, nyingi zikichanganya viini vikubwa na vidogo, zinahitaji uangalifu wa pekee: kazi ya sauti ikitupwa kwenye kiini kidogo, nguvu ya vile vikubwa haikusaidii.

Na usalama? Kasoro hizi zinamhitaji mshambuliaji aendeshe msimbo wake ndani ya mashine yako. Kompyuta isiyofungua kivinjari, inayofungua mradi mmoja tu jioni nzima, haimpi nafasi hiyo kirahisi. Hapo wanaozima kinga wana hoja nzuri, mradi mashine hiyo hiyo haisomi barua pepe mchana. Lakini plagini ya wizi iliyopakuliwa mtandaoni haihitaji Spectre hata kidogo. Umeiruhusu mwenyewe, na inasoma kila faili unaloweza kulisoma, zikiwemo rekodi za wateja ambazo hazijatoka.

Wapo pia wanaokimbilia mashine za zamani, kama ThinkPad X200 ya 2008, kwa sababu Intel Management Engine, kompyuta ndogo iliyojificha ndani ya kompyuta, inaweza kuondolewa humo. Nawaheshimu, tundu la AMT, sehemu yake ya kuongozea kompyuta kutoka mbali, lililofichuliwa Mei 2017 liliwapa sababu. Ila Intel ilisitisha viraka vya Spectre kwa prosesa za aina hiyo mwaka 2018, na viini viwili vya enzi hizo havibebi onyesho la leo. AMD nayo ina prosesa yake ya usalama iliyofichwa, na prosesa za Apple zilikutwa na kasoro ya GoFetch mwaka 2024. Hakuna kampuni ya kukimbilia.

Mimi ningenunua prosesa ambayo kiini chake kimoja kimoja kina nguvu, yenye akiba ya kutosha ili kinga zibaki zimewashwa, kisha ningeiendesha kwa saa nzima ikiwa na mzigo wa onyesho kamili kabla ya kuiamini. Akiba ni muhimu kwa sababu kiraka cha mwakani hakijulikani bado.

Kuna jambo linalosahaulika: matundu ya pembeni ya kuchomekea vifaa. Thunderbolt, muunganisho wa kasi wa vifaa vya nje, inapendwa kwa kadi za sauti kwa kuwa kifaa hufikia kumbukumbu moja kwa moja, na mwaka 2019 watafiti wa Thunderclap walionyesha kifaa chenye nia mbaya kinavyoweza kuiba data kupitia mlango huo huo. Nyuma ya jukwaa kompyuta huachwa wazi, imewashwa, watu wasiofahamiana wakipita na waya mkononi. Kama kuna kinga moja nisiyoweza kuizima kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ni IOMMU, inayokiwekea kila kifaa mipaka ya kumbukumbu kinachoweza kuigusa, hata kama haizuii kila hila.