Tajiri Akikodi Ana Akili, Mie Nikiazima Nina Njaa

Hebu nielezeni, maana pale barazani wamenishinda. Bwana mmoja wa Mazizini, mwenye maduka na nyumba ya ghorofa, kamuoza mwanawe juzi. Joho la bwana harusi la kukodi. Jambia la kukodi. Gari lililombeba, refu mpaka likakwama kwenye kona, la kukodi. Watu wakapiga funda la kahawa wakasema, "Mtu ana akili yule!" Mwaka niliooa mie, joho niliazima kwa jirani, na mpaka leo mkewe akinipita huuliza, "Joho letu halijambo?" Mkwe wangu naye hanikopeshi maneno: nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya tajiri, naona, inasitiri mpaka kisigino.

Wala si huyo wa Mazizini tu. Dunia nzima wenye nazo ndiyo mtindo wao. Wanaomiliki zile boti kubwa za starehe hukisia kwamba matunzo ya mwaka yanakaribia sehemu ya kumi ya bei. Boti ya dola milioni 10 inakula milioni 1 kila mwaka, iwe inakwenda, iwe imelala bandarini. Nahodha hakatwi mshahara kwa kuwa bosi ana mikutano, na chumvi haina likizo. Sasa mtu anayepanda boti wiki mbili kwa mwaka anunue ya nini? Anakodi, anatia mafuta na chakula, akishiba upepo anashuka na begi lake. Mashine ikifa, kilio cha mwenyewe. Na zile milioni ambazo angezizamisha majini zimebaki kwenye biashara zinazaa.

Hata zile hoteli za ufukweni tunazofukuzwa tukivua pweza: mgeni wa kutoka nje ya nchi hamiliki ardhi Zanzibar, hukodishiwa tu. Anajenga majumba juu ya uwanja wa kukodi, na usingizi anapata.

Vito ndiyo usiseme. Wale waigizaji wa Marekani wanaometameta usiku wa tuzo za Oscar, almasi nyingi huwa za sonara. Sonara mmoja, Harry Winston, alianza kuwaazima tangu miaka ya 1940, na siku hizi almasi ikitoka hufuatana na mlinzi. Mama watoto alipovaa dhahabu ya kuazima siku ya harusi yetu, mlinzi alikuwa shangazi mwenye dhahabu yake, kakaa mbele kabisa, hali pilau, anahesabu bangili. Mlinzi wa Oscar angeacha kazi akamwita mwalimu.

Lakini lililonichoma ni la ndege. Warren Buffett, tajiri wa Marekani, mwaka 1998 kampuni yake iliinunua NetJets, hawa wanaouza ndege vipande vipande, kama jodari pale sokoni Darajani. Unanunua kipande chako, unapata saa zako za kuruka, na kila mwezi unalipa ada ya matunzo. Ulimwengu mzima ukasifu: ubunifu huo!

Ubunifu gani? Sisi tuna dau la marehemu baba, tunalimiliki vipande vipande tangu kadhi agawe mirathi, ndugu wa kiume na wa kike, kila mtu na fungu lake. Hakuna aliyekuja kutuhoji. Tofauti ni ile ada ya kila mwezi. Kwetu samaki wakipatikana wenye dau wanajaa pwani, hata wajukuu ambao hawajui tanga na foromali. Dau likivuja, mwenye dau ni mie. Kuziba nyufa kwa kalafati mie, kupaka deheni chini mie, kupaka sifa, yale mafuta ya papa, mie, na harufu ya sifa ikiingia nyumbani, ugomvi pia mie.

Nikasema basi, nami nifanye kama matajiri: tuliuze, nikitaka kuvua nikodi la mtu. Nikawatumia wote ujumbe kwenye simu. Dada wa Wete akalia, ati namfufua baba nimzike tena. Mdogo wangu akasema liuzwe, ila apewe chake kwanza, kabla mnunuzi hajapatikana. Kaka aliyeko Muscat alikaa kimya, nikadhani anatafuta pesa za deheni. Leo asubuhi kajibu. Anauliza fungu lake la samaki wa wiki iliyopita limekwenda wapi.