Saa ya Rhine na hasira zangu za Msimbazi

Wakuu, jana nimecheka peke yangu hapa Köln, Ujerumani. Nimepita kando ya mto Rhine nikamkuta jamaa, mgeni kabisa, anarekebisha saa yake ya mkononi kwa kuangalia ule mnara wa ukingoni. Kaka, ile siyo saa! Nikataka nimwambie, nikaona acha naye alipe ada, maana mimi mwaka wangu wa kwanza niliona mshale mfupi uko kwenye mbili nikajua saa nane imenikuta njiani na shifti inaanza saa nane hiyohiyo, nikatimua mbio hadi getini jasho linanitoka, kumbe hata saa saba haijafika. Mshale mfupi ni mita, mrefu ni desimita. Kinachosomwa pale ni kimo cha mto. Watu wamejenga mnara wa kujua mto umeamkaje, kama unavyomjulia hali mkwe.

Na wanamjulia hali kweli. Mto wenyewe unatoka milima ya Uswisi, unapita ziwani Bodensee, unakuwa mpaka wa Ufaransa na Ujerumani, unakuja kwetu huku, unapitia Duisburg yenye bandari kubwa kuliko bandari zote za mtoni Ulaya, hadi baharini kule Rotterdam. Kila kilomita ina kibao chake ukingoni, wanahesabu kuanzia darajani Konstanz, hapa Köln tuko kwenye 688. Kipimo kikifika mita 8.30 meli zote zinasimama, hakuna cha mheshimiwa hakuna cha mimi naishia hapo mbele tu. Maji yakipungua nako ni kelele. Agosti 2022 kipimo cha Kaub, kamji kadogo huko juu, kilishuka chini ya sentimita 40 (siyo kina chote hicho, njia ya meli ina kina zaidi yake kwa kama mita moja), matishari yakawa yanabeba nusu ya mzigo au pungufu na nauli ikapaa. Jirani yangu mzee hajawahi kufika Kaub ila kila tukikutana kwenye lifti ananitajia sentimita, nilikuwa naona kero, siku hizi namuuliza mwenyewe.

Sasa sisi kule Dar mto wetu Msimbazi tunaupima na nini? Tunaupima kwa swali moja, "Jangwani panapitika?", yaani barabara ya pale bondeni mwake. Basi. Ukijibiwa hapapitiki umeshapata kipimo chote.

Najua mtakavyokuja. "Huyu kaondoka juzi tu leo anatufundisha mito." "Wazungu wana hela." "Mbona Rhine waliichafua wenyewe?" Waliichafua sana tu! Mwaka 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, mto ukawa mwekundu, mikunga ikafa kwa maelfu, ndo aibu ikawaingia. Tena hata upimaji wao usiwatishe, vitabu vyao viliandika urefu wa kilomita 1,320 miaka na miaka mpaka 2010 ikaja kugundulika tarakimu ziligeuzwa, ni kama 1,230. Kilomita 90 za hewa! Siku niliyosoma hiyo nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Kwa hiyo siwaabudu, na wala sisemi Msimbazi upitishe matishari, msiniwekee maneno mdomoni. Rufiji yetu ukiiona imejaa utanyamaza, hiki cha huku kimebanwa kuta kushoto kulia kama mfereji. Ninachosema ni kwamba mto wa watu unatajwa hata siku ambayo haujamuua mtu. Wa kwetu unatajwa masika, Juni umeshasahaulika, tunarudi kuutupia taka na kuchimba mchanga, halafu masika tunashangaa tena, ebo! Na mimi nilikuwa humohumo natupa, sijashuka kutoka mbinguni.

Masika iliyopita nimempigia mama, namuuliza maji yamefika wapi.

"Yamefika dirisha la jirani."

Nikamuuliza ni mita ngapi. Kimya. Kisha akaniuliza huko ninakula kweli, maana nimeanza kuongea vibaya.