Modeli nyepesi au hesabu nzito? Suala la mawimbi yanayovuja kwenye vichujio vya simu

Vichujio vingi vya redio vilivyomo kwenye simu ya mkononi ni vipande vya fuwele ya piezoelektriki (inayogeuza umeme kuwa mtikisiko) vyenye vidole vya alumini vilivyopishana, muundo ulioonyeshwa na watafiti White na Voltmer mwaka 1965. Umeme ukifika kwenye vidole, uso wa fuwele hutikisika, na wimbi husafiri juu yake kwa takriban kilomita 4 kwa sekunde. Kwenye gigahezi 2, urefu wa wimbi ni maikromita 2 na kidole kina upana wa nusu maikromita tu. Kila kidole hurudisha sehemu ndogo ya wimbi. Wabunifu huvutana kuhusu namna ya kukokotoa urudishaji huo.

Njia nyepesi huchukulia kwamba kuna mawimbi mawili, moja linakwenda na jingine linarudi, yanayopeana nishati. Inahitaji namba chache: kasi, urudishaji wa kila kidole, upotevu wa nishati, nguvu ya kubadili umeme kuwa mtikisiko, na uwezo wa kuhifadhi chaji. Jibu hutoka papo hapo, kwa hiyo mbunifu anaweza kujaribu mipangilio maelfu. Sioni kichujio chenye visikizi vingi (sehemu zinazotikisika kwa nguvu kwenye masafa maalumu) kikibuniwa bila njia hii.

Tatizo ni kwamba namba hizo lazima mtu aziingize. Fuwele ya lithiamu tantaleti hutumia wimbi linalovuja, ambalo sehemu yake huzama ndani ya fuwele. Kwa miaka mingi fuwele hiyo ilikatwa kwa nyuzi 36, pembe iliyofaa pale unene wa chuma, yaani alumini ya vidole, ulipopuuzwa. Mwaka 1997 Hashimoto na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba unene huo, unaokaribia asilimia 10 ya urefu wa wimbi, huisogeza pembe yenye uvujaji mdogo hadi karibu nyuzi 42. Modeli nyepesi peke yake isingeliona hilo. Ingepokea tu upotevu uliopimwa na kuuchora vizuri.

Hesabu nzito, inayogawa kifaa vipande vidogo na kutatua milinganyo ya mtikisiko na umeme kwa pamoja, huona nishati inakozama. Gharama yake ni kubwa: vidole ni mamia, na ukitaka pande zote tatu kompyuta huelemewa. Kukokotoa kidole kimoja kisha kukiunganisha na vingine vinavyofanana nacho kumepunguza mzigo huo sana. Hata hivyo, hapa ndipo nina shaka na wanaoamini kila picha ya rangi inayotolewa na hesabu hiyo. Si lazima tabaka jembamba la alumini liwe na uzito na ugumu ule ule wa alumini nene ya vitabuni, na kingo za vidole huinama kutegemea zilivyochongwa.

Kwa maoni yangu, hesabu nzito ipewe kidole na ncha za safu ya vidole, nyepesi ipewe kupanga kifaa kizima. Sharti langu ni moja: anayetoa namba ya upotevu aseme kama ameikokotoa au ameilinganisha na kipimo, na kwa unene gani wa chuma. Iliyolinganishwa kwenye unene wa asilimia 8 ya urefu wa wimbi isipelekwe kwenye asilimia 10 bila kupimwa upya.