Seli T na VVU: kupigana zaidi si kushinda

Wengi hudhani VVU hushinda kwa sababu kinga imelegea. La hasha, mwanzoni kinga hupigana vikali, na hapo ndipo ubishi unapoanzia: je, kupigana huko humsaidia mgonjwa au humdhuru?

Wanaozitetea seli T, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, wana hoja nzito. Wiki ya tatu au ya nne hivi baada ya maambukizi, seli za CD8, aina ya seli T, huanza kuua seli zilizoingiliwa, na wingi wa virusi, uliokuwa umefika mamilioni kwa mililita ya damu, hushuka sana. Kima wa rhesus wenye SIV, jamaa wa VVU, walipoondolewa CD8 maabara, virusi vilipanda upesi. Baadhi ya watu wenye kinasaba cha HLA-B*57 huvidhibiti kwa miaka bila dawa.

Lakini virusi huzaliana kwa wepesi ndani ya CD4, seli T zinazoiongoza kinga, zikiwa zimeamshwa, hivyo kila kinga inapochachamaa, windo huongezeka. Utumbo, makao ya sehemu kubwa ya CD4, hupoteza nyingi ndani ya wiki chache. Ukuta wake huvuja, mabaki ya bakteria huingia kwenye damu na kuiamsha kinga upya. CD8 nazo huchoka, huku virusi vikijibadilisha na kuzikwepa. Mwaka 2007 jaribio la STEP, la chanjo iliyokusudiwa kuziamsha CD8, lilisimamishwa: haikukinga, na kwa baadhi ya wanaume maambukizi yalizidi.

Tumbili wa Afrika hubeba SIV kwa wingi damuni na kwa kawaida hawaugui. Kinga yao huamka mwanzoni, kisha hutulia. Mfano huu unanishawishi kwamba kinga iliyotulia yaweza kuwa bora, ila una mpaka: wao wamezoeana na virusi hivyo kwa vizazi vingi, na kumtuliza binadamu kinga bila ARV ni kumwachia mwizi mlango wazi.

Utafiti wa SMART wa 2006 uliwasimamishia wagonjwa dawa CD4 zikiwa juu ya 350 kwa mikrolita ya damu, wakarudishiwa zikishuka chini ya 250. Vifo viliongezeka, pamoja na magonjwa ya moyo, figo na ini. Kwa hiyo CD4 nyingi si kibali cha kuchelewesha dawa, na tangu 2015 WHO inapendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe bila kusubiri zishuke.

Hata hivyo, wanaotaka kipimo cha CD4 kiachwe kabisa kwa kuwa wingi wa virusi unapimwa wanakosea. Mtu mzima aliye chini ya 200 anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa kriptokokasi, na kupewa kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi. Kipimo cha virusi peke yake hakimtambui.