Mkono Ulioigusa Ardhi

Neno "sanamu" kwa wengi wetu limekaa karibu mno na neno "kuabudu", na kwa sababu hiyo tunapoiona sanamu ya Buddha huwa tumekwisha kuihukumu kabla ya kuitazama. Naomba tuitazame. Nazungumzia sanamu za shaba zinazotengenezwa kwa mikono na mafundi wa kabila la Wanewari wa Patan, nchini Nepal, mji unaotenganishwa na Kathmandu na mto Bagmati, kwani naamini kuwa maana yake ya kiroho imo pia katika namna inavyozaliwa.

Fundi huanza na nta. Huifinyanga sanamu nzima kwa nta, hata kope na mikunjo ya vazi, kisha huipaka matabaka ya udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na pumba za mpunga, akingoja kila tabaka likauke. Kalibu hiyo ikichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na pale ilipokuwapo hubaki uwazi, ambamo humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Ikipoa, kalibu huvunjwa, haina kazi tena. Kwa dini inayofundisha kwamba kila kilichoumbika kitapita, mimi naona fundisho limekwisha kutolewa kabla patasi haijagusa uso.

Kisha kuna ile mikono. Wa kushoto umelala pajani, kiganja juu. Wa kulia umeteremka mbele ya goti, na vidole vimeelekea chini. Ishara hiyo kwa Kisanskrit huitwa bhumisparsha, yaani kuigusa ardhi. Inasimuliwa kwamba Siddhartha, ndiye Buddha kabla hajapata nuru, alipokuwa chini ya mti huko Bodh Gaya, India, mshawishi aitwaye Mara alimjia na majeshi yake akamtaka amtaje shahidi wa haki yake ya kuketi pale. Siddhartha hakubishana wala hakuinuka. Aliigusa ardhi, nayo ikamshuhudia. Vitazame vidole hivyo kwa karibu: havikandamizi, ncha zake zinafika tu. Tazama na ndewe zake, zilizorefuka kwa uzito wa mapambo ya masikio aliyoyavaa alipokuwa mwana wa mfalme. Mapambo hayapo, lakini sikio bado linaukumbuka utajiri alioukimbia.

Dhahabu inayopakwa nje ya sanamu haina uzito huo kwangu, hasa nikikumbuka kwamba kwa njia ya asili huchanganywa na zebaki na kuchomwa, na moshi wake ni sumu kwa fundi. Cha thamani kimefichwa ndani. Sanamu inapowekwa wakfu hujazwa karatasi zilizokunjwa zenye maneno matakatifu, pamoja na ubani na nafaka, kitako kikazibwa kwa bamba la shaba, na macho yakafunguliwa kwa ibada. Kabla ya hapo, hata kwa muumini, ni shaba iliyofinyangwa vizuri. Tena Wabuddha wenyewe walilipima jambo hili la sanamu zamani: katika michongo ya kale ya Sanchi, India, Buddha haonyeshwi kwa umbo la mtu, yapo nyayo, mti na kiti kitupu.

Ndiyo maana inaniuma kuiona sanamu ya Buddha ikiwekwa kando ya mlango wa msalani kama pambo la hoteli. Anayenunua sanamu ya namna hii na aigeuze kwanza, atazame chini. Akikuta kitako ki wazi, amenunua kazi ya fundi, naye aiheshimu. Akikuta kimezibwa, huenda humo ndani kuna maneno yaliyowekwa na watu kwa ibada, na namsihi asilibandue bamba lile.